Fremu ya chuma hainunuliwi kwa stika

Mtu anayetafuta fremu ya chuma ya baiskeli yenye usukani wa resi, ya kukimbia kwenye lami asubuhi na kupita kwenye changarawe mchana, huwa na ugonjwa mmoja: huinama kusoma stika kabla hajaitazama fremu yenyewe. Stika hiyo ni ndogo, hubandikwa karibu na siti, na hutaja kiwanda kilichotengeneza paipu. Reynolds 725. Columbus. Reynolds 853. Muuzaji akishaona macho ya mteja yametua hapo, bei haishuki tena.

Stika haidanganyi. Inachosema ni kweli, ila ni kweli ambayo mwendeshaji wa njia mchanganyiko ana haja nayo ndogo. Kinachoamua kama fremu itamfaa kwa miaka kumi ijayo ni nafasi iliyoachwa kwa ajili ya tairi, vipimo vya sehemu ambazo vipuri vinafungwa, na kama fremu yenyewe inamkaa mwilini. Hayo yote hayaandikwi pale. Ni kama kununua suti kwa jina la kiwanda cha kitambaa bila kuuliza upana wa mabega.

Heshima ya stika hiyo ina asili yake, na si ya bure. Mwaka 1897 Alfred Reynolds wa Birmingham, Uingereza, ambaye familia yake ilikuwa ya watengeneza misumari, alisajili hataza ya paipu yenye ukuta mnene kwenye ncha na mwembamba katikati. Kwenye ncha ndiko paipu zinakounganishwa kwa moto, ndiko nguvu inakotakiwa. Katikati, chuma cha ziada ni mzigo tu. Mwaka 1935 kampuni yake ikatoa aloi ya manganizi na molibdenamu iliyoitwa 531, na kwa miongo mingi namba hiyo ikawa ndiyo baiskeli nzuri yenyewe kwa Waingereza. Waitaliano nao walikuwa na Columbus ya Milano. Mwendesha mbio Eddy Merckx alipoendesha kilomita 49.431 ndani ya saa moja jijini Mexico, Oktoba 1972, alikuwa juu ya fremu ya chuma iliyoundwa na Ernesto Colnago. Historia ya namna hiyo inauza.

Lakini chuma kina tabia moja ambayo wauzaji hawapendi kuitaja. Ukinzani wake dhidi ya kupinda karibu haubadiliki kabisa, kiwe cha bei ya chini au cha bei ya juu. Wahandisi huupima kwa gigapaskali: chuma ni takriban 200, titani karibu 110, aluminiamu karibu 70. Paipu mbili za chuma zenye kipenyo kimoja na ukuta wa unene mmoja hupinda sawasawa, hata kama moja ina jina kubwa na nyingine haina jina. Kinachotofautiana ni nguvu, yaani kiwango ambacho paipu ikikivuka hukunjika na isirudi. Reynolds 853, iliyotoka mwaka 1995, ina nguvu kuzidi kwa mbali kromoli ya kawaida ya 4130, yaani chuma chenye kromi na molibdenamu. Nguvu hiyo humruhusu mwundaji kupunguza ukuta wa paipu hadi nusu milimita au pungufu, na hapo ndipo gramu zinapookolewa.

Kipenyo kina sauti zaidi. Fremu za zamani zilikuwa na paipu ya chini yenye kipenyo cha milimita 28.6, za leo nyingi zina 31.8 au zaidi. Kwa unene uleule wa ukuta, hatua hiyo ndogo huongeza ugumu wa paipu kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo anayetaka fremu laini au fremu ngumu angeuliza kipenyo, jambo ambalo hakuna anayeuliza.

Mfano mzuri wa baiskeli isiyohitaji stika ni Surly Cross-Check ya Minnesota, Marekani. Ilikuwa ya kromoli ya 4130, bila jina la Reynolds wala Columbus, nzito kiasi, na rangi zake hazikuwa za kumgeuza mtu shingo. Ikadumu sokoni zaidi ya miaka ishirini mpaka ilipoondolewa. Watu waliitumia kwenda kazini, kupakia mahema, kushindana kwenye matope na kuzunguka mabara. Sababu yake ilikuwa nafasi: iliingiza tairi la upana wa milimita 42 wakati ambapo baiskeli nyingi zenye usukani wa resi zilibanwa kwenye 25 au 28. Zaidi ya hapo, miguu yake ya nyuma ilitenganishwa kwa milimita 132.5. Namba hiyo ilionekana ya ajabu mpaka mtu alipoelewa kwamba habu ya baiskeli ya barabarani ya wakati ule ilikuwa na 130 na ya baiskeli ya milimani 135. Chuma kinakubali kutanuliwa au kubanwa kwa milimita moja na robo kila upande, hivyo mwenye fremu aliweza kufunga habu yoyote kati ya hizo mbili. Aliyebuni kipimo hicho alimfikiria mtu mwenye vipuri vya kuokoteza, na watu wa namna hiyo ni wengi.

Sasa linakuja suala la raha. Wapenzi wa chuma husema fremu yao ina uhai, inameza mitikisiko, haimchoshi mtu. Wengine wanasema hivyo kwa dhati. Hata hivyo, fremu iliyojengwa kwa pembetatu mbili, iwe ya chuma au ya kitu kingine, husogea kidogo sana pale inapobanwa kutoka juu kwenda chini. Umbo lake lenyewe halikubali. Tairi la milimita 42 lenye upepo wa bar 2.5 au 3 linabonyea mara nyingi zaidi ya hapo linapokutana na jiwe. Jan Heine, mhariri wa jarida la Bicycle Quarterly la Marekani, ametumia miaka mingi kuonyesha kwa vipimo kwamba tairi pana lenye kitambaa laini haliachwi nyuma na tairi jembamba lililojazwa mpaka likawa gumu, na kwenye njia mbaya ndilo linalotangulia. Miaka ishirini iliyopita waendesha baiskeli wengi waliyapuuza maneno hayo. Siku hizi hata timu za Tour de France zimeacha tairi za milimita 23.

Ndiyo maana mnunuzi angeanza na tairi, kisha aitafute fremu ya kulizunguka. Anayepita zaidi kwenye lami na kugusa vumbi kidogo ataridhika na nafasi ya milimita 38. Anayekwenda kwenye changarawe ya Afrika Mashariki, ile yenye mawe yaliyotoka nje baada ya mvua na mawimbi ya vumbi yaliyopigwa na malori, asikubali chini ya 45, na nafasi ya kidole kila upande kwa ajili ya tope. Tope la udongo mweusi hunasa kwenye miguu ya fremu iliyobana mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na hapo hata 853 hubebwa begani.

Ukubwa wa gurudumu nao una siasa zake. Gurudumu linaloitwa 700 lina kipenyo cha rimu cha milimita 622, na ni lilelile ambalo watu wa baiskeli za milimani wanaliita 29. Wengi hawajui hilo, wanahangaika kutafuta tairi la "700" kumbe la "29" linaning'inia dukani mbele yao. Cha kuangalia ni upana tu. Balaa liko kwingine. Baiskeli kubwa nyeusi za mizigo, zile ambazo Kenya zinajulikana kama Black Mamba, huvaa magurudumu ya inchi 28 yenye rimu ya milimita 635, na tairi la rimu hiyo halikai kwenye 622. Inchi 26 ya baiskeli za milimani za zamani ni 559, na tairi zake zinapatikana hata kwenye miji midogo. Surly hao hao waliwahi kuitoa fremu yao ya safari ndefu, Long Haul Trucker, kwa gurudumu la inchi 26 katika saizi zote, wakijua wasafiri wangefika mahali pasipo na 700. Leo soko limeondoka huko, na asiyesafiri mbali na miji mikubwa hana haja ya kurudi. Anayepanga kutoka Mbeya kwenda Kigoma kwa baiskeli ana haja ya kulitafakari.

Breki ndizo zinazofunga au kufungua mlango wa kuchagua ukubwa wa gurudumu. Fremu yenye vinundu vya breki za rimu hulazimisha ukubwa mmoja wa gurudumu, kwa kuwa raba za breki lazima ziguse rimu mahali pake. Fremu ya breki za diski inaruhusu mtu kuwa na seti mbili: 700 yenye tairi la wastani kwa ajili ya lami, na 650, yaani rimu ya 584, yenye tairi nene kwa ajili ya mawe. Surly Midnight Special ilijengwa kwa mantiki hiyo. Kwa maoni ya safu hii, kwenye baiskeli mpya ya njia mchanganyiko diski imeshinda mjadala, mradi iwe ya kuvutwa kwa waya. Diski ya mafuta ina nguvu zaidi na vidole havichoki, lakini inapovuja porini fundi hana mafuta yake wala bomba la kutolea hewa. Waya wa breki unapatikana kila mahali.

Hapo ndipo hoja kubwa ya chuma inapoingia: kwamba kinatengenezeka popote. Kisa maarufu kuliko vyote ni cha Mfaransa Eugène Christophe. Katika Tour de France ya mwaka 1913 uma wa baiskeli yake ulivunjika akishuka mlima Tourmalet. Sheria za wakati huo zilimkataza mtu kusaidiwa. Akaibeba baiskeli, akatembea zaidi ya kilomita kumi mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi na kuuchoma uma kwa mikono yake huku waamuzi wakimtazama. Ushindi wa mashindano ukamponyoka kwa saa zilizopotea, na juu yake akaadhibiwa kwa sababu mvulana mmoja alimvutia mivukuto ya moto. Kisa hicho husimuliwa kama sifa ya chuma, na kwa haki.

Ila chuma cha Christophe hakikuwa na ukuta wa nusu milimita. Fundi wa kuchomelea wa barabarani, kwetu, ana mashine ya umeme na fimbo za kuunganisha mageti na madirisha. Akiigusisha fimbo hiyo kwenye paipu nyembamba iliyopitishwa motoni kiwandani, atatoboa tundu kabla hajaunga, na pembeni mwa kiungo nguvu iliyolipiwa ghali huenda ikapungua. Fundi mwenye gesi na fimbo ya shaba ana nafasi nzuri zaidi, kwani joto lake ni la chini na analitawala. Kwa hivyo kadiri stika inavyokuwa ya kifahari, ndivyo hadithi ya "itachomelewa popote" inavyopungua ukweli. Kromoli ya kawaida yenye ukuta wa milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati inasamehe. Aliye mbali na warsha ya maana angeichagua hiyo kwa makusudi, hata kama mfuko unaruhusu kupanda juu.

Na matengenezo yenyewe mara nyingi si ya moto. Ni ya kukunja. Baiskeli ikiangukia upande wa kulia, sikio linaloshikilia kibadilisha gia huingia ndani, na cheni huanza kuruka au kuingia kwenye spoki. Fremu za aluminiamu na karboni huwa na sikio la kubadilishwa, na kila modeli ina umbo lake. Kulipata nje ya duka la mji mkuu ni bahati. Kampuni ya SRAM ilitoa sikio la aina moja kwa wote mwaka 2019, na kampuni nyingi zimelikubali, lakini fremu za zamani hazinufaiki. Fremu ya chuma yenye sikio lililochongwa pamoja na makucha ya gurudumu hunyooshwa kwa spana kubwa na jicho la fundi, dakika chache, safari inaendelea. Katika sifa zote za chuma, hii ndiyo inayotumika mara nyingi na ndiyo inayotajwa mara chache.

Nyuzi za ekseli ya pedali ziko kwenye kundi hilohilo. Kipimo cha Kiingereza cha upana wa milimita 68, kilichokatwa nyuzi, kimeishi kwa vizazi, na kipuri chake kinapatikana kwa bei ya chini na ya juu. Vipimo vya kusukumiwa bila nyuzi vilikuja na ahadi nyingi, vikaleta milio, na kampuni kadhaa zimerudi kimyakimya kwenye nyuzi. Fremu ya chuma isiyo na nyuzi hapo ingekataliwa bila mjadala.

Wapo watakaosema mashindano yanaonyesha vingine. Ni kweli. Migration Gravel Race, iliyoanza mwaka 2021 katika Maasai Mara, huwapitisha waendeshaji kwa siku nne na kilomita karibu 650 za vumbi, mawe na mapito ya ng'ombe, na walio mbele wanaendesha karboni. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani na aliyefariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, alipigania mashindano hayo ili vijana wa Afrika Mashariki wapimane na bora wa dunia kwenye ardhi ya nyumbani. Kwa kazi hiyo karboni ni sahihi: kila gramu inahesabiwa na fundi anasubiri kwenye kambi jioni. Mwendeshaji wa kawaida hana fundi kambini. Cha kujifunza kwa washindani hao ni upana wa matairi yao.

Uzito wenyewe unatisha watu kuliko unavyostahili. Fremu ya kromoli ina kilo 2 hadi 2.5, ya karboni kilo moja na kidogo. Mtu wa kilo 72 juu ya baiskeli ya kilo 12 yuko kwenye kilo 84, na tofauti ya fremu hizo ni chini ya asilimia mbili ya jumla hiyo. Anayetaka kupunguza angeutazama uma kwanza: wa chuma una kilo moja au zaidi, wa karboni karibu nusu yake. Lakini asiuguse iwapo anakusudia kubeba mizigo mbele, maana uma wa chuma wenye matundu ya kufungia keria ni moja ya sababu za kununua fremu ya namna hii.

Kuhusu kipimo cha mwili, namba ya 54 au 56 iliyoandikwa kwenye fremu haisemi kitu siku hizi. Za kuuliza ni mbili: kimo cha mbele kutoka kwenye ekseli ya pedali hadi juu ya kichwa cha fremu, na umbali wa mlalo kati ya sehemu hizo hizo. Hili linawahusu hasa wanaochukua fremu ya milimani ya chuma kutoka kwenye mitumba na kuifunga usukani wa resi. Mshindani wa baiskeli za milimani John Tomac alifanya hivyo mwaka 1990, hata kwenye mashindano ya dunia kule Durango, Colorado, kwa sababu msimu uleule aliendesha barabarani na timu ya 7-Eleven na hakutaka kubadili mkao. Tomac alikuwa Tomac. Fremu ya milimani hupangwa kwa usukani ulionyooka, na vishikio vya usukani wa resi huenda mbele zaidi. Mwenye fremu atajikuta amejinyoosha mpaka mgongo unalia. Dawa ni kuchukua fremu fupi kuliko ile ambayo angeichukua kwa usukani ulionyooka. Tena breki ndefu za rimu zilizoko kwenye fremu nyingi za miaka ya 1990 mwishoni haziendani na vishikio vya resi, ambavyo huvuta waya mfupi. Atahitaji kantiliva za zamani au kifaa cha kurekebisha mvuto.

Mtumba mzuri wa chuma, hata hivyo, unaweza kuwa ununuzi wa busara kuliko fremu mpya, hasa kwa asiyetaka kuagiza na kulipia ushuru. Adui ni kutu, na hukaa ndani. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hewa ina chumvi, na maji ya mvua huingia kwenye paipu ya siti yakashuka hadi kwenye ekseli ya pedali na kutulia. Fremu iliyotengenezwa kwa akili ina tundu la kutolea maji chini hapo. Isiyo nalo itobolewe na fundi, halafu ndani imiminiwe mafuta ya kitani au nta ya kuzuia kutu, igeuzwegeuzwe, iachwe ikauke siku mbili. Rangi inayofura kama malengelenge karibu na viungo ni dalili mbaya. Mikwaruzo ya juujuu si kitu.

Kabla ya fedha kutoka mfukoni, mnunuzi aombe nguzo ya siti ichomolewe. Nguzo ya aluminiamu ikikaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi, metali hizo mbili hushikana kwa kemikali za chumvi na unyevu, na kuitoa huweza kuhitaji msumeno na siku nzima ya fundi. Ikitoka kwa kuzungushwa kidogo, amulike tochi ndani ya paipu. Isipotoka, muuzaji ama apunguze bei ya kazi hiyo hapohapo, ama abaki na fremu yake na stika yake.